Weka Mbali na Moto

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mira alifagia ua, akamwagilia mchicha, kisha akazihesabu spana za baba yake kwa sauti, moja moja, kama mwalimu anayeita majina darasani.

Wiki ile nyumba ilikuwa ya watu watatu: Mira, baba yake Papa Umba, na Kambo, yaani bibi yake. Mama alikuwa amekwenda Bukama kununua samaki, na treni ya kumrudisha ilikuwa, kama kawaida yake, "njiani".

Papa Umba alikuwa ameuza tiketi pale gare, yaani stesheni, ya Kamina kwa miaka kumi na miwili. Treni zilipokuwa chache, alijifunza kutengeneza pikipiki, au moto kama tunavyoziita hapa kwetu, akafungua garaji ndogo chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba. Aliweza kukutajia vituo vyote mpaka Bukama bila kuvuta pumzi. Injini ilipomshinda, alimwandikia mdogo wake Élisha, nonko au baba mdogo wa Mira, dereva wa lori aliyeoa Dar es Salaam na kuanza kusema Kiswahili cha huko.

Mira, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa wa kwanza darasani katika Kiswahili, na hakuna aliyeruhusiwa kusahau.

"Mira, leta bukari," Kambo angesema.

"Ugali, Kambo. Kitabuni wanasema ugali."

"Basi kula kitabu."

Ijumaa moja muuguzi wa zahanati, Mama Mbuyi, aliacha moto yake garajini. Ilikuwa inakohoa na kuzima. Jumamosi alfajiri alipaswa kupeleka sanduku la chanjo katika vijiji vya njia ya Kaniama, ambako akina mama wangekuwa wamepanga mstari na watoto wachanga.

"Papa Umba, bile batoto bananingoja minyi," alisema.

"Kesho saa kumi na mbili itawika kama jogoo," Papa Umba akaahidi.

Alipofungua kabureta alikuta uchafu mweusi, mzito kama lami. Hakuogopa. Wiki hiyohiyo alikuwa amemaliza kuunda mashine ya kuoshea vyuma: karai kuukuu, ndoo chini yake, pampu ndogo ya betri ya sola, na mpira wa kupandisha maji ya kuoshea juu ya vyuma. Mashine ilikuwa na kila kitu isipokuwa jambo moja. Hakuna aliyejua itiwe nini, na Papa Umba alikuwa amemwandikia Élisha kumwuliza.

"Tia soda yangu ya kutengeneza sabuni," Kambo akashauri.

"Soda inakula aluminiamu, Mama. Umesahau ile sufuria?"

Kambo hakusahau. Sufuria ile sasa ilikuwa inatumika kuchujia chai.

Ndipo jibu la Nonko Élisha likaingia kwenye simu: "Kaka, tumia mafuta ya taa. Petroli usitumie kamwe! Vaa glovu. Weka mbali na moto."

Papa Umba alisoma mara tatu. "Mira! Kuya huku. Nonko wako ameandika Kiswahili ya mu Biblia. Taa njo nini?"

Mira aliikumbuka picha ya gari kitabuni, iliyojaa mishale. Mshale mmoja ulionyesha mbele ya gari, na mwisho wake paliandikwa: taa. Lakini maneno "mafuta ya taa" hakuwahi kukutana nayo. Moyo ukamwambia: uliza. Ila alikuwa amekuwa wa kwanza mara tatu, na aliona kwamba mtu wa kwanza haulizi.

"Taa ni hii, Papa," akasema, akigusa mbele ya moto.

"Ile phare?"

"Ndiyo. Phare inawaka injini ikiwaka. Na injini inakunywa nini?"

"Esansi."

"Basi mafuta ya taa ni esansi."

"Na petroli?"

"Petroli ni petrole. Hapo hakuna hata swali."

Papa Umba alijikuna kidevu. "Minyi nilifikiri petrole njo muzuri. Tumupigie Nonko kwanza?"

"Ya nini, Papa? Imeandikwa!"

Mira akakimbia na bidoni, dumu la plastiki, kwa Ambroise, jirani anayeuza mafuta pembeni mwa barabara. Ambroise alikuwa na nyusi upande mmoja tu wa uso, na Mira hakuwahi kumwuliza sababu.

"Esansi ya kuosha vyuma?" Ambroise akacheka. "Inaosha sana hiyo. Inaosha kila kitu."

Aliporudi, Papa Umba alikuwa amevaa mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu glovu hazikuwepo. Wakamimina esansi ndani ya karai. Harufu ikapanda mpaka machozi yakawatoka.

"Bado moja," Mira akasema. "Weka mbali na moto."

"Haya, moto iende mbali!"

Wakaisukuma pikipiki ya Mama Mbuyi, ikapita mchicha, ikasimama karibu na geti. Papa Umba alirudi akitabasamu. "Unaona Élisha? Hataki tuchafue moto ya bantu. Ana akili ule."

Mvua ikaanza kudondoka. Kambo, aliyekuwa anapika maharagwe uani, aliinua mbabula yake, jiko la makaa, kwa mikono miwili, makaa yakiwa mekundu na sufuria juu, akaanza kuja taratibu chini ya paa la garaji. Naye alikuwa amesikia "weka mbali na moto". Aliitazama moto kule getini, akaona iko mbali kweli, akaendelea kuja.

Wakati huohuo Mama Mbuyi aliingia kuangalia kazi imefika wapi. Harufu ilimpokea getini. Akaona karai limejaa esansi. Akaona kidole cha Papa Umba kikielekea kwenye swichi ya pampu. Akaona Kambo, na makaa yake, hatua kumi kutoka hapo.

"Toeni moto!" akapiga kelele. "Toeni moto haraka!"

Papa Umba na Mira waliruka kama waliochomwa sindano. Wakampita Kambo mbio, wakaikamata pikipiki, wakaisukuma mpaka barabarani. Nusura wakanyage mguu wa mwenye nayo.

"Hapana hii! Ile moto!"

"Ile ingine iko ya nani?" Papa Umba akauliza akihema. "Hapa kuna moto moja tu, na ni yako!"

Mama Mbuyi aliona Kiswahili kimekwama. Akakimbilia Kiluba, lugha ya mama yake.

"Mudilo! Kambo, mudilo!"

Kambo akasimama. Akayatazama makaa. Akanusa hewa. Aligeuka, akatoka getini na mbabula yake, akavuka barabara, akaiweka chini na kuketi palepale kwenye mvua.

"Maharagwe yangu haina makosa," akasema.

Walipompigia Nonko Élisha, sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani. "Mafuta ya taa ndiyo hayo mnayoyaita petrole! Petroli ndiyo esansi! Na moto ni moto, ule unaounguza!" Halafu akauliza, "Subiri. Mlisogeza pikipiki?" Kisha akacheka mpaka simu ikakatika.

Mama Mbuyi hakucheka. "Mvuke ya esansi haionekane," alisema. "Inatambaa chini inatafuta moto. Hata cheche ya pampu ingetosha. Na hata hii petrole inawaka, ila haina haraka sawa esansi."

Papa Umba aliitazama swichi, akaketi chini polepole.

Mira alianza kulia. "Kosa ni langu. Sikujua mafuta ya taa ni nini. Nilisema najua."

Mama Mbuyi akamvuta karibu. "Sikia, mutoto wangu. Minyi niko muuguzi miaka kumi na tano, na nikiona dawa sijui, nauliza mbele ya bagonjwa bote. Banacheka, halafu banapona. Kusema sijui, utasikia haya dakika moja. Kujifanya unajua, ingetuunguza bote leo."

Waliirudisha esansi ndani ya bidoni, wakafunga kifuniko, wakaipeleka nje. Karai likaoshwa kwa sabuni, hewa ikaachwa ipite mpaka harufu ikaisha. Mira akarudi kwa Ambroise kuchukua petrole, na safari hii akauliza.

"Papa Ambroise, nyusi yako ingine ilienda wapi?"

"Niliosha buji, ile inatoa cheche ya injini, na esansi, nikawasha sigara."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Weye haukuniuliza!"

Kabureta ilitoka kwenye petrole iking'aa kama kijiko kipya. Alfajiri moto iliwaka kwa teke la kwanza, na Mama Mbuyi akaondoka kuelekea njia ya Kaniama, sanduku la chanjo likiwa limefungwa nyuma yake.

Mira hakutaka jambo lile litokee tena. Akachukua rangi nyeupe, akaandika kwenye ukuta wa mbele kwa herufi kubwa: USILETE MOTO HAPA.

Mpaka saa sita hakuna mteja aliyeingia. Papa Umba alipochungulia nje, alikuta watu watatu wamesimama ng'ambo ya barabara, kila mmoja na pikipiki yake.

"Tulisoma," mmoja akasema kwa heshima. "Tunangoja utoke."

Papa Umba akamgeukia binti yake. Mira alikuwa tayari ameshika brashi, lakini hakuandika. Alikwenda mpaka kwa Kambo.

"Kambo, lile neno ulilolisikia jana linatamkwaje?"

"Leo weye njo unaniuliza minyi?" Kambo akatabasamu, akamtamkia silabi kwa silabi. Punde ukuta ukasomeka: MOTO KARIBU. MUDILO HAPANA.

"Njo vile, binti yangu," Papa Umba akasema, pikipiki tatu zikiingia getini. "Wa kwanza darasani ni yule anayeuliza."

"Mimi nimeuliza tangu asubuhi bukari itaiva saa ngapi," Kambo akasema, "na hakuna aliyenijibu."

"Sasa hivi, Kambo," Mira akasema. "Naisonga sasa hivi bukari yako."