Ukuta wa Senge Chepkorir

Jioni hiyo Kigen aliondoka ofisini mapema, jambo ambalo katika idara yao halikuhitaji ruhusa ilmradi mtu ameacha koti juu ya kiti. Akapitia duka la hardware, akanunua kopo la fila ya kuzibia nyufa, akashika njia ya mtaa wa West Indies hadi kwenye nyumba aliyoirithi kwa shangazi yake. Senge Chepkorir, dada ya baba yake, alikuwa amelala Timboroa sasa, kwenye udongo wa baridi, kwa jamaa waliompokea majirani walipomfukuza.

Kesho asubuhi mthamini wa benki angekuja kuikagua kabla haijauzwa. Ukuta wa nje, upande wa jikoni, ulikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, na Kigen, ambaye kazini alishawahi kupoteza mafaili manene, hakuona nyufa zingemshindaje.

Alimkuta Fundi Wanyonyi ameumwagia ukuta maji kutoka juu hadi chini.

"Mbona unauogesha?"

"Ukikauka, Mkubwa, ufa unabaki na maji. Unaonekana mweusi. Ukiziba kwa kukisia, kesho utanipigia simu tena."

Wakangoja. Upepo ukaikausha plasta, na nyufa zikajitokeza moja moja, kama mishipa kwenye mkono wa mzee. Zote zilianzia mahali pamoja, kando ya dirisha la jikoni, usawa wa mdomo wa Kigen.

Alipajua mahali hapo.

Ndipo alipokuwa akiegemea kila alipokuja kumtembelea Senge, akiwanong'onezea majirani waliofuata mursik, maziwa ya kulala ambayo Senge aliuza. Hakuwahi kusema kwamba shangazi yake ni mchawi. Alikuwa mtu wa ofisi, alijua kupitisha jambo bila kulitia sahihi. Aliuliza tu kama hawajashangaa kwa nini watoto wa mtaa huu wanaugua ugua. Mengine waliyamalizia wenyewe. Asubuhi moja Senge alikuta vibuyu vyake vya maziwa vimepasuliwa langoni. Akaondoka na blanketi lake. Nyumba, ambayo alikuwa amekataa katakata kuiuza, ikabaki.

"Weka fila," Kigen alisema.

Wanyonyi akapanua ufa kwa ncha ya skrepa, akasindilia fila, akalainisha. Ufa ukainywa. Akaongeza. Ikanywewa tena.

Kisha harufu ikaja... moshi wa ule mkaa wa kusugulia vibuyu. Na maziwa yaliyolala.

Wanyonyi akaweka kiganja ukutani, akakiondoa haraka. "Mkubwa... hapa panatoka hewa. Ya moto."

"Ni jua la mchana."

"Leo jua lilitoka wapi?"

Tik.

Ufa mpya ukatambaa, taratibu, kuelekea dirishani. Ndani yake kitu kikakohoa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayetaka kuanza maneno.

"Mimi sijasema kitu, mama... lakini..."

Ilikuwa sauti ya upole. Ya mtu anayewajali watu.

Wanyonyi akautazama ukuta. Akamtazama Kigen.

"Hiyo sauti ni yako."

"Ziba."

"Mimi nazibanga nyufa. Midomo siwezi." Alikuwa tayari anafuta skrepa kwa gunia. "Aliyeyaweka maneno humu ndiye ayatoe."

"...mtoto akilala, mama, mwangalie vizuri..." ukuta ukaendelea.

Jirani, Mama Mideva, alichungulia juu ya ua, kanga mabegani. "Kigen? Unaongea na nani?"

Hapo uongo ulikuja mwenyewe, umeshachanwa nywele, tayari kutoka. Redio. Simu. Fundi. Kigen akafungua mdomo, akamkumbuka Senge akipanda gari la Timboroa bila kugeuka nyuma, akaufunga. Akisema, kesho hakuna wa kumuuzia nyumba hii, na Jumapili hakuna wa kukaa naye benchi moja. Asiposema...

"...mimi sijasema kitu..."

"Nilidanganya, mama," alisema. "Senge hakuwa mchawi. Nilitaka nyumba."

Ukuta ukanyamaza.

Hewa ikakatika. Harufu ikaondoka. Kigen akavuta pumzi ikamfika tumboni, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, akamngoja Mama Mideva amlaani. Alitaka alaaniwe.

Mama Mideva alijifunga kanga upya.

"Tulijua, kijana yangu."

"Mlijua?"

"Mtu anayetaka nyumba anajulikana tu. Na mtoto wangu alikuwa na malaria, daktari aliniambia." Aliyasema polepole, macho chini. "Lakini na mimi nilikuwa nauza maziwa. Watu walikuwa wanapita kwangu, wanaenda kwake."

"Kwa hiyo uliwaambia wengine?"

Mama Mideva alianza kurudi nyuma kutoka kwenye ua.

Tik.

Haukuwa ukuta wa Kigen. Ulitoka ng'ambo ya ua, kwenye ukuta wa Mama Mideva, uliopakwa rangi juzi juzi. Kisha sauti ya mwanamke, chini kabisa, kama mtu aliyeficha mdomo kwa mkono...

"Usiseme umeyasikia kwangu..."

Mama Mideva aligeuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Redio ikawaka, kwaya ya kanisa, kwa sauti kubwa.

Wanyonyi alikuwa ameshainua ndoo, lakini hakuondoka. Alisimama ameinamisha kichwa, akisikiliza.

Tik... kwenye nyumba ya tatu. Redio ikawaka huko. Tik, kona ya barabara. Redio nyingine. Giza lilipoingia, West Indies nzima ilikuwa ikiimba sifa za Bwana, kila nyumba na wimbo wake, na hakuna mtu hata mmoja aliyetoka nje kuuliza kwa nini jirani amefungulia redio hivyo.