Tela ya Dereva wa Mchana

Soko la vipuri siku hiyo lilijaa mpaka pa kuweka mguu hapana. Nyundo zinalia, wauzaji wanaitana, na katikati ya vurugu hiyo anapita kijana mmoja amejitwika sponji ndefu kuliko yeye mwenyewe. Kazi yake ni kushona viti vya magari, na kwa sababu ya mzigo huo wa kila siku watu walishasahau jina alilopewa na wazazi. Wanamwita Sponji. Upande wa pili anakuja mwanamke mwenye ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi ikanyooka, kitambaa chekundu kichwani, mkononi ameshika chuma kizito cha kuungia tela na gari. Njia ilikuwa pana. Wakagongana hata hivyo.

"Dada, huoni?"

"Naona. Wewe ndiye umelijaza soko zima magodoro."

"Magodoro yenyewe yanaonekana tangu kule getini."

"Basi nisamehe, mwenye soko."

Sponji akacheka, akaushusha mzigo. "Hicho chuma cha nini?"

"Cha tela ya kulala. Kajumba kadogo, kanakokotwa na pikapu. Ndani hakana kitu, ni mabati matupu. Natafuta fundi wa vitanda na makochi."

"Fundi umemkanyaga mguu. Bado umesimama juu yake."

Usiniulize nani alimpenda mwenzake kwanza, maana wao wenyewe walibishana jambo hilo mpaka mwisho. Ninachojua ni kwamba kesho yake tela ililetwa uani kwa Sponji, na yule mwanamke akawa haishi kuja kuitazama. Alikuwa dereva wa lori, njia ndefu, miaka mingi. Alikuwa amepita kando ya maziwa, chini ya milima, katikati ya mbuga, na siku zote mzigo ulikuwa unangojewa mbele.

"Nimepita kila mahali, sijafika popote," alimwambia Sponji. "Sasa nataka nirudi njia ile ile, na kila palipo pazuri nisimame. Nitazame mpaka nichoke."

"Na mimi?"

"Wewe utapika chai."

Sponji, ambaye hakuwahi kuvuka mji wa pili wala kushika usukani, alishona mito ya tela ile kana kwamba anaandaa chumba cha maharusi. Simu zikawa hazikatiki.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula vumbi la barabara. Wewe je?"

"Nakungoja. Kochi limeisha, njoo jioni tulijaribu."

"Jioni siji. Mimi dereva wa mchana."

"Kwa hiyo na mimi ni mpenzi wa mchana?"

Mwanamke akacheka, akauliza habari za mapazia. Jua likianza kuteremka alikuwa anaondoka, hata kama chai iko mezani. Dalili ya mvua ni mawingu, Sponji alijiambia. Jioni zake zina mwenyewe, mwanamume mwingine.

Halafu Sponji akampeleka kwa mama yake. Dereva alivaa gauni la kijani na viatu vya kisigino, akapendeza. Akasimama mbele ya kiti cha bibi yule, akasema kwa adabu zote, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mama akanyoosha mkono kutoka pale alipokaa.

Dereva akabaki anamtazama usoni, anatabasamu. Mkono wa mama ukaning'inia. Shangazi yake Sponji akakohoa. Mwishowe mama akaurudisha mkono wake, akaufuta kwenye gauni, na hakuongea tena mpaka mgeni alipoaga.

Njiani Sponji akawaka. "Umemdharau mama yangu."

"Nimemdharau vipi?"

"Amekupa mkono, umeuacha hewani, tena mbele ya shangazi. Sisi washona viti tunanuka?"

"Sikukusudia," alisema dereva.

Nikwambie mimi, maana yeye alikataa kusema. Macho yake yalikuwa yanakufa. Giza likiingia haoni kitu, na mchana anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ndiyo maana akitaka kutazama kando anageuza kichwa kizima, kama kuku anayetafuta punje. Daktari alishamwambia dawa hakuna, bomba litazidi kuwa jembamba mpaka lizibe, na usukani auache leo hii. Akajiambia ataacha baada ya safari. Neno moja tu lingemwokoa, lakini dereva anayesema haoni si dereva tena, na aliogopa kupendwa kwa huruma. Mimi naona ulikuwa ujinga, na aliyeulipia ujinga huo ni mtu mwingine.

Wakapatana nusunusu, siku ya kuondoka ikakaribia. Walipakia jiko, nguo, vyombo na pipa la maji. Pipa Sponji alikuwa amelifunga nyuma kabisa, ili kitanda cha wawili kipate kuwa kipana.

"Nani kakwambia uweke maji nyuma?" dereva akauliza.

"Mapenzi."

"Mapenzi yako yatatuua. Mzigo mzito ukikaa nyuma tela inayumba, inalibwaga gari. Toa kila kitu, pipa lije mbele."

Wakatoa kila kitu, wakalihamisha, wakarudisha. Walipomaliza jua lilikuwa limezama, na tela bado iko nje ya geti walikoitoa kupakia. Sponji akaomba wairudishe uani. Dereva akaitazama njia, akaona weusi mtupu. Angeweza kusema haoni. Akapanda kwenye pikapu.

"Nielekeze," alisema.

Sponji akakaa kwenye kona ya ukuta akielekeza. Kushoto, kushoto, nyoosha, simama. Dereva alikanyaga breki aliposikia neno, lakini tela ilikuwa imeshafika ukutani, na mkono wa Sponji ulikuwa katikati.

Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Dereva alikaa kwenye benchi la nje mpaka mama mtu alipofika.

"Uliuacha mkono wangu hewani," mama alisema kwa sauti ya chini, "ukaja kuuponda wa mwanangu. Ondoka."

Akaondoka. Sponji alipozinduka akauliza dereva yuko wapi, akaambiwa hajaonekana. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga kila siku, na kila siku ikawa hivyo hivyo, hata akaamini kwamba mwanamke yule hakumtaka kilema. Iliuma kuliko vidole.

Alipopata nguvu alimfuata nyumbani, mchana. Akamkuta amekaa kitandani, ovaroli imekunjwa magotini. Funguo za lori na leseni alikuwa amesharudisha kazini.

"Umekuja kunitukana?"

"Nimekuja kuuliza. Ulisikia niliposema simama?"

"Nilisikia."

"Uliniona? Nilikuwa wazi kwenye kioo cha pembeni."

"Kioo chenyewe sikukiona."

Akamweleza yote. Bomba, daktari, jioni alizokuwa akizikimbia. "Na mkono wa mama yako sikuuona. Nilimwona uso tu, nikawa nafurahi kwamba anafanana na wewe."

Sponji aliketi sakafuni. "Kwa hiyo ulijua. Ulijua, ukashika usukani mimi niko nyuma."

"Nilijua."

"Ungeniua."

"Ndiyo."

Hakujitetea hata kidogo, na hilo ndilo lililomkasirisha Sponji zaidi. Akaondoka bila kuaga. Wiki nzima hakulala vizuri, hakushona kitu. Kisha akapiga simu, na safari hii ikapokelewa.

"Ukikaa upande wa abiria unaweza kunifundisha kuendesha?"

"Kwa vidole vitatu?"

"Gia inataka vitatu. Nimeshajaribu."

"Unanihurumia."

"Nimekukasirikia mpaka kichwa kinauma. Huruma nitaitoa wapi?"

Dereva akalia kwenye simu, na Sponji akamwacha alie.

Alikuwa mwanafunzi mzito, yule kijana. Rivasi ya tela ilimtoa jasho, na mwalimu wake alikuwa mkali. "Unataka nyuma ya tela iende kushoto, zungusha usukani kulia. Kulia, laazizi, kulia ni kule unakoshikia kijiko." Mpaka apate leseni, bomba lilikuwa limebana sana. Dereva akiyatazama macho ya Sponji, mdomo wake hauoni. Mama hakubariki. "Yeye amekufanya kilema, nawe unajitwika kipofu," alisema, na asubuhi ya safari hakutoka chumbani.

Dereva aliikagua tela kwa mikono, matairi, mnyororo, taa, kisha akapanda kiti cha abiria. Sponji akawasha gari, asiliondoe.

"Tukirudi tuoane," alisema.

"Tukirudi sitakuona."

"Najua."

"Basi sikiliza hasara yako. Mimi nitabaki na sura yako hii hii. Miaka ishirini ijayo kwangu bado utakuwa kijana. Wewe ndiye utakayeniona nikiota mvi na makunyanzi, na mimi sitajua unanitazama vipi. Umepunjwa."

"Nipunje."

"Haya, tutaoana," alisema dereva. Akamgeukia na uso wote, akaanza kumtazama kipande kwa kipande, paji la uso, pua, mdomo, sikio moja, sikio la pili, bila haraka. Machozi yakamtoka Sponji.

"Usilie," akamwambia. "Nataka nikuchukue ukiwa umetulia."

Sponji akajifuta uso, akatulia, akamngoja amalize.