Nyimbo Sita Zilizokwama Mlangoni

Kila alasiri ilikuwa hivyo hivyo. Filsan anatoka shuleni, anavua viatu mlangoni, anaswali, anaosha vyombo vya mchana, kisha anajaza mitungi kabla maji ya mfereji hayajakatika. Baada ya hapo ndipo aliporuhusiwa kukigusa kipakatalishi cha zamani cha mama yake. Mama huyo, Kinsi, alikuwa afisa wa mifugo katika soko la wanyama mjini Garissa. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo hakuyapaka asali.

Kwa miezi mitatu Filsan alikuwa akiunda programu ya simu ya kuchezea muziki. Nyimbo kumi na mbili alizowekewa na fundi wa duka la simu zilicheza bila kusita. Lakini sita alizozitaka kuliko zote hazikuonekana kabisa. Zilikuwa nyimbo za kunyweshea ngamia kisimani, zilizoimbwa na bibi yake aliyeishi Buna, Ayeeyo Ardo, kama Wasomali wamwitavyo bibi. Ayeeyo hakujua kuandika, kwa hiyo salamu zake, malalamiko yake na nyimbo zake zote alizituma kwa ujumbe wa sauti. Filsan alikuwa amezinakili katika folda moja na zile nyingine. Hata hivyo, kila alipofungua programu, kioo kiliandika: "Nyimbo 12."

"Simu hii ni bovu!" alifoka Jumanne hiyo.

Mama yake alikuwa akikung'uta vumbi la zizi kwenye buti zake. "Simu imekukosea nini?"

"Haizioni nyimbo za ayeeyo, hooyo," alimjibu mama yake kwa Kisomali.

"Simu ndiyo haizioni, au ni programu yako?"

"Programu yangu haina kosa. Nimeikagua."

"Umekagua nini?"

Filsan aliinamia kioo tena. Ukweli ni kwamba aliifungua na kuifunga mara ishirini, akaizima simu na kuiwasha, akaikodolea macho. Hakukagua chochote.

Kesho yake, katika chama cha tarakilishi shuleni, Mwalimu Billow aliitazama programu akatikisa kichwa. Maonyesho ya sayansi yalikuwa siku iliyofuata.

"Ziondoe hizo za nyanya yako," alisema. "Onyesha kumi na mbili zinazocheza. Zinatosha."

"Hapana, mwalimu."

Wanafunzi wakageuka kumtazama. Mwalimu Billow hakuzoea neno hilo.

"Umesema?"

"Samahani, mwalimu. Niliitengeneza kwa ajili ya hizo sita. Bila hizo, sina cha kuonyesha."

"Basi kesho saa mbili nitaijaribu. Isipozicheza, meza yako nitampa mwanafunzi mwingine."

Walipotoka nje, Abdihafid, aliyekaa dawati la nyuma yake, alimfuata akicheka. "Wallahi, umezaa kiziwi! Programu ya muziki isiyosikia muziki!"

"Cheka mpaka uchoke."

"Sikiliza, mimi nakusaidia. Mtandaoni kuna programu tayari, inacheza kila kitu. Ipakue, bandika jina lako juu. Nani atajua?"

Filsan aligeuka akamtazama. Kwa kweli wazo hilo lilimgusa. Meza yake ilikuwa inaponyoka, na kuipakua kungechukua dakika moja tu.

"Afadhali kiziwi niliyemzaa," alisema, "kuliko msikivu wa kuiba. Niondokee."

Nyumbani alimsimulia mama yake yote, machozi yakimlengalenga.

"Umefanya vyema kukataa," Kinsi alisema. "Sasa futa uso, ukae. Mwaka jana tulikuwa na karani mgeni langoni pa zizi la chanjo. Aliambiwa awapokee ngamia wenye chapa ya mzee mmoja wa hapa mjini, akafanya hivyo. Wiki iliyofuata wakaja ngamia wa Buna, chapa yao nyingine. Akawazuia wote nje juani, kisha akaandika kitabuni: 'Leo hakuna ngamia.' Hakuwa kipofu, mwanangu. Alikuwa akitii amri ya wiki iliyopita."

"Hilo linahusiana nini na simu?"

"Mwondoe karani langoni. Iamuru programu yako iorodheshe kila faili iliyomo, hata usiyoitaka. Halafu uhesabu."

"Nitahesabu," Filsan alisema kwa kiburi, "ili uone kwamba kosa si la programu."

Alianza na ruhusa za simu. Programu ilikuwa imeruhusiwa kusoma faili. Akaangalia folda, nayo ilikuwa sahihi. Kisha akaiamuru itaje kila ilichokiona, bila kuchagua. Majina yakashuka kiooni. Akahesabu kwa kidole. Kumi na nane.

Masikio yakamwaka moto. Kumbe programu iliziona nyimbo za ayeeyo siku zote! Majina ya nyimbo za dukani yaliishia kwa mp3. Yale ya ujumbe wa sauti yaliishia kwa opus. Na katika programu ulikuwapo mstari mmoja, aliouandika yeye mwenyewe wiki ya kwanza, ulioamuru: pokea mp3 peke yake.

"Hooyo," alisema polepole. "Karani ni mimi."

"Najua. Mrekebishe."

Aliongeza neno moja, opus, katika mstari ule. Kioo kikaandika: "Nyimbo 18." Alipobonyeza, Ayeeyo Ardo alikohoa kwanza, akamkemea mbuzi, kisha akaanza kuimba.

Asubuhi, Mwalimu Billow aliijaribu akamwachia meza yake. Saa nne jaji alisimama mbele ya Filsan. "Nani alikusaidia?"

"Mama alinipa hadithi ya ngamia. Kosa lilikuwa langu, na nimelirekebisha kwa mkono wangu," Filsan akajibu, akamwonyesha mstari wenyewe.

Akabonyeza. Sauti ya ayeeyo ilijaa ukumbini. Ghafla, kutoka mlangoni, sauti nzito ya mwanamume ikaitikia kiitikio. Alikuwa Mzee Jelle, bawabu wa shule, mchungaji wa zamani kutoka Tarbaj. Alikuwa amesimama, rungu kwapani, akiwaitikia ngamia wasiokuwapo. Hakuna aliyecheka, hata Abdihafid.

Filsan alipata nafasi ya pili. Jioni mama yake aliipokea karatasi ya tuzo, akaisoma, akaiweka mezani.

"Ulimkatalia mwizi, na ukamkatalia mwalimu kwa adabu," Kinsi alisema. "Ukaidi huo utunze. Lakini siku mbili uliitukana simu kwa kosa la mkono wako. Mtu akikuletea uwongo, mkatalie. Na nafsi yako ikikuambia 'mimi sina kosa' kabla hujahesabu, hiyo nayo ikatalie, tena kwa ukali zaidi."