Kitufe cha Kijivu

Teke moja, mlango ukaachia bawaba.

Philemoni aliirukia kompyuta yake. Zakia alimwahi. Kitako cha bastola yake ya Browning kilitua juu ya vidole vya kijana, viwili vikavunjika.

"Mkono mwingine nimekuachia wa kuchapia," alisema. "Kaa."

Msako ulianzia porini, kwenye maiti za askari wanne wa wanyamapori. Ukamleta Zakia, jasusi, mpaka Kijenge, Arusha, kwa kijana aliyewatengenezea wauza meno ya tembo programu ya simu. Ilikuwa na kitufe kimoja tu. Mlinzi wao wa Oldonyo Sambu akiona askari, anatuma ishara, kitufe kinageuka chekundu kwenye simu za madereva. Wanageuza magari. Wanapotea.

"Na kisipokuwa chekundu?"

"Kijivu. Hiyo hata sikuichagua mimi, dada. Kitufe usipokipa rangi, simu inakipa yake."

"Futa nyekundu."

Philemoni aliondoa mkono kwenye kibodi. "Gari la mbele anaendesha mdogo wangu. Aminiel."

"Najua. Vijana wangu wana amri ya kukamata tu."

Philemoni alimtazama machoni, akaamini. Akachapa kwa mkono mmoja huku akilia.

Nyekundu ikafutika.

Redio ya Motorola kiunoni mwa Zakia ilikoroma. "Nyuki, hapa Mzinga. Land Cruiser mbili zimepita Ngaramtoni. Mlinzi wao ametuona, anabonyeza simu."

"Mwache abonyeze."

Mezani palikuwa na Samsung ya majaribio. Zakia aliikazia macho. Ishara iliingia, simu ikatetemeka.

Kitufe kilibaki kijivu.

Mara simu ya Philemoni ikaita. Zakia aliweka sauti kubwa, akamgandamiza mtutu kisogoni. "Kiswahili tu. Kichaga kikikutoka, umekufa."

"Kaka," ilisema sauti ya Aminiel, "mbele kuna lori limekaa vibaya. Sijalipenda. Ila kitufe ni kijivu."

Philemoni alifumba macho.

"Kijivu ni salama. Pita."

Injini ilinguruma. Kisha bunduki. Ziliponyamaza, ilibaki honi, ikilia mfululizo kama kuna mtu ameilalia.

"Ulisema kukamata," Philemoni alinong'ona.

"Nilisema."

Redio tena. "Nyuki, mzigo wote tunao. Hakuna aliye hai."

"Vizuri. Leteni gari Kijenge. Kuna mmoja wa kubeba."

Akamfunga pingu kwenye nondo za dirisha, akaitia kompyuta begini. Honi bado ilikuwa inalia. Hakuikata simu.

Getini alipishana na mama wa makamo aliyebeba kapu la ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka kwa Philemoni? Mbona unaondoka na njaa? Napika mtori sasa hivi, Aminiel akirudi tunakula wote."

"Siku nyingine, mama."

Akamshikia geti mpaka akapita na kapu lake, akavaa miwani ya jua, akashuka barabarani.

Nyuma yake mama alianza kuita majina ya wanawe. Zakia hakugeuka.