Jino la Chini

Kila Jumamosi asubuhi Akoru alifagia ua wao wa Nawoitorong, mjini Lodwar, akachota mitungi miwili ya maji, kisha akaloweka majani ya mkoma ambayo mama yake alisukia vikapu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku hizi alikuwa na kazi nyingine: kumwangalia Lionel.

Lionel alikuwa na miaka sita. Alizaliwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, na mama yake mzazi, Mrundi, alifariki huko. Sasa Mama Akoru alikuwa akimlea, na ulibaki mwezi mmoja mahakama iamue kama atakuwa mtoto wao kabisa. Damu yake haikuganda upesi kama ya watu wengine. Ugonjwa huo huitwa hemofilia. Siku ya kwanza Mama alimkalisha Akoru chini, akamwambia polepole, "Akijikata, akianguka, akitokwa na damu hata tone moja, niambie hapo hapo. Usingoje ikome."

Asubuhi hiyo Mama alikwenda kupeleka vikapu sokoni. Etabo, mtoto wa jirani, akaja na wenzake wawili, akasalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, Lionel! Hebu fungua mdomo. Aa! Meno ya chini yote yapo! Huyu anatafuna kama punda!"

Wakacheka. Etabo alikuwa na pengo chini, mbele. Nyanya yake alimng'oa meno mawili, kama Waturkana wengi walivyofanyiwa tangu zamani. Akoru naye alikuwa na pengo lake.

Lionel hakucheka. Alitikisa jino kwa ulimi. "Hili linacheza. Dada, likitoka, nitafanana na nyinyi?"

Akoru alifikiri. Hili ni jino la utoto tu, na la kila mtu hung'oka. Mama alitaja kujikata na kuanguka, hakutaja meno. Basi akafunga uzi, akavuta mara moja.

"Sasa wewe ni Mturkana!" Etabo akapiga makofi.

Lionel alitema damu, akatabasamu. Akatema tena. Jua likapanda, naye bado anatema. Mchanga kando ya ukuta ukawa mweusi, na nzi wakaja. Akoru akaufukia kwa mchanga mwingine.

"Nimwendee Mama sokoni," alisema.

"Wee! Ukisema, watu wa serikali watamrudisha Kakuma," Etabo alinong'ona. "Watasema mmemshindwa." Kisha akaondoka haraka na wenzake, bila hata kuaga.

Akoru akaogopa. "Usiteme tena," akamwambia Lionel. "Meza."

Mama aliporudi alimtazama mtoto. "Mbona midomo yake ni ya kahawia?"

"Amekula makoma, Mama."

Watoto wote wa Lodwar huchafuka midomo kwa makoma, matunda ya kahawia ya mkoma. Mama akaamini, akaenda jikoni kuwasha moto.

Lionel alilala mkekani, kivulini. Akoru alikaa karibu, akihesabu anavyomeza. Moja. Mbili. Tatu. Upepo ulikuwa umeacha kuvuma, hata mbuzi walinyamaza. Mara Lionel akaketi, akatapika kitu cheusi kama majani ya chai.

Akoru akachukua kopo, akachota mchanga afukie.

"Dada," Lionel akasema taratibu, "nasikia baridi."

Baridi! Lodwar, saa nane mchana! Kopo likamponyoka.

"Mama! Si makoma! Ni damu! Nilimng'oa jino!"

Mama hakugomba. Alikunja kitambaa safi, akakilowesha, akamwambia Lionel akiume kwa nguvu. Wakapanda pikipiki, mtoto katikati, wakaenda hospitali.

"Ilianza saa ngapi?" muuguzi aliuliza.

Akoru alitazama miguu yake. Angeweza kusema sasa hivi tu. "Saa nne asubuhi, sista. Na nilimwambia ameze."

Muuguzi akaita daktari mbio. Lionel alidungwa dawa ya kugandisha damu. Walingoja muda mrefu, Mama akiomba kimya kimya, mpaka kitambaa kikatoka mdomoni kikiwa cheupe.

Jumatatu, Bi. Nyakio, afisa wa watoto, alifika wodini. Kabla hajaketi, Mama alimweleza yote, kisha akamgeukia Akoru. "Malizia wewe." Akoru akamalizia, machozi yakimtoka.

Bi. Nyakio aliandika, akafunga faili. "Nitaandika yaliyotokea. Nitaandika pia kwamba mliniambia kabla sijauliza. Lionel atabaki kwenu mpaka mahakama iamue."

Mama akamshika Akoru mkono. "Mwanangu, ulificha ili abaki kwetu, na kidogo tu tumzike. Kung'oa jino ulikosea kwa kutojua. Kuficha ulijua. Ukikosea, sema mapema, hata kama mwili wote unatetemeka."

"Dada," Lionel akaita kutoka kitandani, "na hili la pili linacheza."

Akoru hakungoja kuambiwa. Alikuwa ameshafika mlangoni, akiita, "Sista! Sista, njoo uone!"