Mbali Hata kwa Ndege

Msalaba wa kaburi la Mama Silvana ulikuwa umeng'olewa. Ukungu wa asubuhi ulitanda juu ya Kasense kama moshi wa ubani, na kichwani pa kaburi palibaki shimo tu.

Inspekta Winifrida alifanya ishara ya msalaba, akachuchumaa. Maua ya mazishi ya Jumamosi yalikuwa yamekauka. Juu yake kulikuwa na konzi moja ya udongo, bado mbichi.

Barabarani vijana walimzunguka Ngeleja, mfugaji ambaye ng'ombe wake waliwahi kula mahindi ya marehemu. Mmoja alishika kiberiti.

"Tuanze na zizi lake!"

"Rudisha kiberiti mfukoni," Inspekta alisema. "Ngeleja, udongo ule ni wako?"

"Wangu nilitupa Jumamosi, afande, mbele ya padri. Mtu hazikwi mara mbili."

Maneno hayo yalimkaa Inspekta moyoni. Akamgeukia Angela, binti wa marehemu.

"Dada Angela, nani hakutupa udongo?"

"Kijiji kizima kilitupa. Labda kaka Adriano. Yuko Dar, hakuwahi."

"Una hakika yuko Dar?"

"Jana mchana alinipigia. Nilisikia kivuko cha Kigamboni kikipiga honi. Na basi la huku linaondoka alfajiri, afande. Ni zaidi ya kilomita elfu moja!"

"Na ndege?"

Angela alitabasamu kwa huzuni. "Kaka alishatuambia. Hata kwa ndege ni kutwa nzima."

Waombolezaji wakatikisa vichwa kukubali. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege.

Inspekta aliwahi. Alikumbuka mawingu meupe, rozari mkononi, usingizi mwepesi, halafu mashamba ya ulezi ya Ufipa yakielea chini yake. Saa mbili, hata hazikutimia.

Aliwaacha askari wawili wamlinde Ngeleja, akaenda uwanja wa ndege. Shedrack, dereva wa bodaboda pale, alicheka alipoulizwa kuhusu abiria wa jana.

"Yule mshikaji wa jana jioni? Shati jepesi, anatetemeka kama kifaranga! Nilimpeleka Kasense, akarudi na kitu kirefu amekifunga kitenge. Nikamshusha gesti, Katandala."

Chumbani gesti, msalaba ulikuwa umelazwa kitandani, juu ya mto. Mshumaa ulikuwa umeyeyuka wote. Adriano alikuwa amepiga magoti.

"Umeuiba?"

"Nimekesha nao, afande. Wenzangu walikesha na mama kabla ya kumzika. Nilitaka usiku mmoja tu. Nilipokwenda kuurudisha alfajiri, nikakuta watu wamejaa."

"Kwa nini hukuja kuzika?"

Nje, mngurumo wa ndege ulipanda taratibu, ukapotelea mawinguni.

"Kila Krismasi mama aliniuliza kwa simu, 'Mwanangu, huko Dar ni mbali kiasi gani?' Nikamwambia ni mbali, hata kwa ndege ni kutwa. Nilikuwa mvivu wa kuja tu. Aliniamini. Alipofariki, nikaona aibu kufika upesi."

Alifuta uso kwa kiganja.

"Jana ndiyo nimepanda mara ya kwanza. Walinipa chupa ya maji. Tumetua haijaisha."

Inspekta hakutoa pingu. Aliinamisha kichwa, akasali kimya, kisha akafungua mlango.

"Kuna mtu wanataka kumchomea zizi kwa sababu yako. Beba msalaba. Utawaambia mwenyewe."

"Niwaambie nini, afande?"

"Ni mbali kiasi gani."