Kijumba cha Mama Mkwe

Ilikuwa siku ya kufua. Nilikuwa uani naanika mashuka, mkaguzi wa majengo akaingia na futi yake ya chuma, ramani yetu kaibana kwapani. Tulikuwa tumeomba kibali cha kujenga kijumba nyuma ya nyumba, chumba kimoja na choo, kwa ajili ya mama mkwe. Magoti yalikuwa yamemgomea, na vyumba vyetu vyote vya kulala viko ghorofani. Alilala sebuleni kwenye kochi, wanangu wakimruka kama tuta la barabarani.

"Hata maiti hupewa chumba chake, mwanangu," alikuwa akiniambia.

Mkaguzi alipima kutoka ukuta wa jikoni. Alipofika katikati ya ua, penye nyasi na kamba yangu ya nguo tu, akakata kona. Akazunguka kitu. Akapima pembe zake nne.

"Mama, kibali mnaombea nini?" akauliza. "Kijumba mnacho tayari. Kiwanja kimoja kinaruhusiwa kimoja tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Huyo anataka chai," alisema baba watoto aliposikia. Akaenda ofisini kwao, akadai mkaguzi mwingine.

Akaja mwanamke mtu mzima, mpole. Sikumwambia habari za mwenzake. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyasi, akafuta viatu. Akapiga hodi. Akatabasamu, kama mtu aliyekaribishwa, akainama kuchungulia. Kulikuwa na upepo siku hiyo, na mashuka yote yalikuwa yakipepea isipokuwa moja, lililokuwa mbele yake. Lilining'inia tuli, kama limekingwa.

"Pasafi," aliniambia aliporudi. "Kitanda kimeshatandikwa. Ila kibali cha kingine hatuwezi kutoa."

"Yumo nani?" nikanong'ona.

Alinishangaa. "Si mpangaji wenu? Anasema anamngoja bibi."

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni, kaegemea fimbo yake. Alikuwa amesikia yote.

Tulifanya tulichoweza. Tulikata rufaa, ikakataliwa. Tulileta mtu wa kuombea, akaishia kibarazani, akakumbuka ana safari. Nikahamishia kamba yangu ya nguo upande wa mbele, na Mama nikamsihi asitoke kwenda uani.

"Mama, kule usiende. Tutatafuta njia nyingine."

"Njia ipi?" Alikuwa anakanda goti. "Mmehangaika vya kutosha. Kochi limenivunja kiuno, mwanangu. Kule kuna kitanda."

Nilikwenda kupika.

Siku chache baadaye, mchana kweupe, nilikuwa naosha vyombo. Dirisha la jikoni linatazama uani. Nikamwona anavuka nyasi. Hakuchechemea. Nikamwita. Hakugeuka. Akafuta kandambili zake. Akaegemeza fimbo. Akainua mguu kama anayepanda ngazi. Akainamisha kichwa, alivyozoea kwenye milango mifupi.

Kisha nyasi tu, hata fimbo haionekani.

Nilikimbia na mikono yangu ya povu. Nilipita palepale alipopita, huku na huku, nikapapasa hewa. Nikapiga hodi mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyenikaribisha.

Polisi waliuliza kama alikuwa anasahausahau, wakaondoka. Nikampigia simu yule mkaguzi mwanamke.

"Si amehamia?" akasema, taratibu, kama anayenibembeleza. "Kwani mlikuwa mnamtakia nini kingine?"

Mume wangu haongei tena habari hizo. Kochi tumelisogeza ukutani na watoto hawalikalii. Hatujawaambia wasilikalie.

Leo mvua imenyesha tangu asubuhi. Ua mzima ni tope, isipokuwa pale katikati. Pale ni pakavu kabisa, vumbi, pembe nne zilizonyooka, ukubwa uleule wa ramani yetu. Ukingoni kuna fimbo ya Mama. Imeegemea hewa. Nimesimama dirishani na upepo unavuma, miti ya jirani imelala upande mmoja.

Fimbo haianguki.